Usukani Uliokuwa Kwenye Geti la Zizi

Leseni ya udereva ya Eunice Simioni, daraja la pikipiki, ilitolewa tarehe 11 Juni 2020 na ingekwisha siku kama hiyo miaka mitano baadaye. Siku alipoipokea alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne na mjane wa miezi saba. Alikuwa amejifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule, huku watoto waliokaa pembeni wakihesabu mara alizoanguka. Zilifika tisa.

Pikipiki ilikuwa ya mumewe, Ezra. Alipofariki, ukoo ulikaa kikao nyumbani kwao, kata ya Morotonga, na kaka yake mkubwa, Hezekia, akatoa uamuzi mbele ya wote. Shamba na ng'ombe ni vya watoto. Pikipiki ibaki kwa Eunice maadamu anaiendesha mwenyewe. Siku ikimshinda, inarudi kwa ukoo. Hakuna aliyepinga. Eunice naye hakupinga. Wakati huo hakujua hata gia ya kwanza inaingizwa kwa mguu upi.

Kazi yake ni kuchanja kuku. Kila baada ya miezi mitatu anachukua dawa ya kuzuia mdondo, ugonjwa unaoua kuku, mjini Mugumu, anaiweka kwenye boksi la baridi alilolifunga nyuma ya pikipiki, kisha anapita mji hadi mji, maana huku kila boma huitwa mji. Mwenye kuku anamshika kuku, Eunice anamgeuza kichwa kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anadondosha tone moja katika jicho moja. Likianguka mdomoni au kwenye manyoya, kuku huyo hajachanjwa. Kwa hiyo mkono usiotetemeka ndiyo kazi yenyewe, na pikipiki ndiyo njia ya kuifikia kazi.

Tatizo lilianza polepole kiasi kwamba hawezi kutaja mwaka. Baada ya safari ya dakika arobaini hivi, vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vinakufa ganzi. Baadaye mabega yakaanza kuuma, kisha shingo. Hakuwahi kuendesha pikipiki nyingine, hivyo aliamini pikipiki ndivyo zilivyo. Alifika, akashuka, akakunja na kukunjua vidole hadi damu irudi, kisha akapiga hodi.

Mwaka huu damu ilianza kuchelewa kurudi. Katikati ya Machi, kwa bibi mmoja aitwaye Nyangi, tone la kwanza lilianguka kwenye mdomo wa kuku. La pili likaangukia shingo.

"Mama chanjo," bibi Nyangi akauliza, "huyu kuku unamchanja au unambatiza?"

Watu waliokuwapo wakacheka. Eunice naye alicheka. Tone la tatu lilipokosa jicho, hakuna aliyecheka.

Habari ilimfikia Hezekia kabla ya wiki kwisha. Alikuja jioni moja, akakataa kiti, akasimama karibu na pikipiki.

"Mama Ester," alisema, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, "leseni yako inaisha mwezi wa sita."

"Tarehe kumi na moja, shemeji."

"Usisumbuke nayo tena. Umefanya kazi, kila mtu ameona. Sasa mikono imechoka. Gidion anaweza kuichukua, afanye bodaboda. Siku zako za chanjo atakuwa anakubeba."

Gidion ni mtoto wa Hezekia, kijana mzuri. Eunice alifikiri juu ya maneno "atakuwa anakubeba" kwa siku tatu. Dawa ikishafunguliwa haisubiri. Kijana mwenye abiria wa kwenda mnadani anasubiriwa. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa: msimu wa kwanza atabebwa, wa pili atakumbushia, wa tatu watatafuta mchanjaji mwingine. Siku ya nne alipanda pikipiki akaenda Mugumu kwa fundi Godwin, nyuma ya soko, kumwuliza kama kuna dawa ya kuponya ganzi inayotokana na pikipiki.

Godwin alimwambia akae juu ya pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi yake.

"Sasa mama, fumba macho. Nyoosha mikono kama mtu anayepokea mtoto. Usiutafute usukani. Acha mikono isimame inapotaka."

Eunice akafumba macho, akanyoosha mikono. Ilisimama.

"Fungua."

Viganja vyake vilikuwa hewani. Usukani ulikuwa shubiri moja mbele ya viganja hivyo na vidole vinne chini.

"Miaka mitano mizima umekuwa ukiinama kuufuata," Godwin alisema. "Uzito wote wa kifua unalala kwenye viganja. Ganzi itaachaje kuja? Na huu usukani si wa hii pikipiki."

"Si wake?"

"Nilimfungia Ezra mimi mwenyewe, mwaka elfu mbili kumi na nane. Alikuwa na mikono mirefu yule bwana, akataka mfupi ulionyooka, wa kulalia, kama wa mashindano. Nikamwambia mzee, mashindano na nani, na fisi? Akasema funga. Nikafunga. Ule wa kiwandani, ulioinuka na kurudi nyuma, alienda nao nyumbani."

Eunice alikuwa ameshajua uko wapi. Miaka saba amekuwa akiuona: bomba lililopinda pande mbili, limefungwa kwa waya kwenye geti la zizi la Hezekia, likitumika kama mshikio.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Hezekia anakamua.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mapema hivi, kwema?"

"Kwema. Nimekuja kuomba mshikio wa geti."

Hezekia alimaliza chuchu aliyokuwa nayo, akainuka na ndoo. "Mshikio wa geti. Na ng'ombe niwafungie nini, maombi?"

"Ule ni usukani wa pikipiki. Fundi ameniambia nikiurudisha mikono itapona."

"Najua ni usukani. Niliufunga mimi." Aliweka ndoo chini, mbali na ndama. "Mama Ester, Ezra aliukataa huu kwa mdomo wake. Akachagua mwingine. Wewe unataka uende ukafungue alichochagua marehemu?"

Eunice alikuwa amejiandaa kwa swali la mikono, si kwa hilo. Aliangalia ukuta wa banda. Palepale, chini ya mabati, plau ilikuwa imeegemezwa, chuma chake kimesafishwa kwa matumizi.

"Na ile plau?" akasema.

"Plau imefanyaje?"

"Msimu ule alipofariki ulikuja na spana, asubuhi kama hii. Hukumwuliza mtu. Ulifungua nati ukashusha mikono ya plau matundu mawili, ukaniambia shika. Nikashika. Ukasema bado, ukashusha tundu la tatu. Ile nayo Ezra ndiye aliyeipima."

"Plau ni kazi. Huwezi kulima na plau iliyopimwa kwa mtu mwingine, itakuvunja mgongo."

Alipomaliza kusema hivyo aligeuka kuitazama plau. Ng'ombe mmoja alijikuna kwenye geti, na usukani ukagonga ubao.

"Mimi sikujua kama usukani nao unashushwa," Hezekia alisema mwishowe.

"Huu unapandishwa."

"Haya. Unapandishwa." Akaingia ndani, akatoka na koleo, akaanza kukata waya. Alipomkabidhi lile bomba, hakuliachia mara moja. "Lakini nataka nikuone. Kuku wangu hawajachanjwa. Ukirudi, anza hapa, nitawashika mwenyewe. Ukishindwa hapa, tusiongee tena habari ya leseni."

Geti alilifunga kwa kamba.

Godwin alichukua nusu siku. Aliusugua usukani kwa msasa, akapitisha kidole sehemu zote zilizopinda kutafuta ufa, akaulinganisha na wa pikipiki nyingine ya aina hiyohiyo. Kutu ilikuwa ya juu tu. Ndipo akafungua ule wa Ezra.

Ulipotoka, Eunice aliomba kuushika. Mipira ya kushikia ilikuwa imelika mahali pawili tofauti: kwenye ncha za nje, ambako mikono mipana ya Ezra ilikaa, na ndani zaidi, ambako alishika yeye. Katikati palibaki alama ya kiwandani, nzima, haikuguswa na yeyote kati yao. Aliitazama kwa muda. Kisha akamwambia Godwin aweke mipira mipya, na ile ya zamani akaitia kwenye mfuko wa koti.

Kazi kubwa haikuwa bomba. Waya wa klachi uliwahi kubadilishwa kwa mfupi, sasa haukufika, ukatafutwa mwingine. Waya wa mafuta ulifika. Godwin akawasha injini, akaiacha ingurume taratibu, akakata usukani kulia hadi mwisho. Mngurumo haukubadilika. Akakata kushoto. Injini ikapaza sauti yenyewe, bila mkono wa mtu.

"Umesikia?" alisema. "Waya unavutika ukikata kona. Hapa ndipo mtu anaenda kwenye mtaro bila kujua kwa nini. Fundi mvivu anakuachia hivi." Akaufungua, akaupitisha upande mwingine wa tangi, akarudia. Kulia, kushoto, kulia. Mngurumo ukabaki uleule.

Kisha akamwambia Eunice apande na afumbe macho. Mikono yake iliposhuka ilitua juu ya mipira.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka kwa makusudi njia ya vumbi, na saa ya simu ikimwonyesha dakika. Mgongo ulikuwa wima. Viwiko vilikunjika penye mashimo badala ya kupigwa. Aligundua pia kwamba anaona mbali. Miaka yote alikuwa akitazama mita chache mbele ya gurudumu na kudhani ni uangalifu. Dakika ya arobaini ikapita. Ya hamsini. Alicheza na kidole cha mwisho cha kulia, kikajibu.

Hezekia alikuwa anamsubiri na kuku ishirini na watatu kwenye tenga. Alitoa mmoja, Eunice akageuza kichwa, tone. Wa pili, tone. Hezekia alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Wa kumi na saba tone lilianguka shavuni, pembeni ya jicho.

Eunice aliinua macho.

"Huyu alitikisa kichwa," Hezekia alisema. "Rudia."

Akarudia. Tone likaingia.

Walipomaliza, Hezekia alinawa mikono, akaenda kwenye pikipiki, akafungua mpira uliofunga ule usukani wa Ezra nyuma, karibu na boksi la baridi. Akaupeleka getini, akaukaza kwa waya, akaujaribu mara mbili kwa kuvuta.

"Haushikiki vizuri huu," alisema. "Hivi Ezra alikuwa anaupendea nini?"

"Alikuwa mrefu," Eunice alijibu.

"Kweli. Alikuwa mrefu." Akavuta geti tena, safari hii taratibu.

Leseni imehuishwa Jumanne, tarehe 10 Juni, siku moja kabla ya kwisha. Jumatatu tarehe 16, saa moja asubuhi, Eunice anaanza mzunguko mpya wa chanjo katika miji sitini na miwili, na mji wa kwanza ni wa bibi Nyangi.