King'amuzi Kilichopisha Mti wa Miraa

Mke wangu alipovunjika nyonga kwenye mteremko wa kwenda mtoni, daktari alimkataza njia ya kanisani. Kutoka kwetu Muthara mpaka kanisani ni kupanda na kushuka tu, na gari halifiki mlangoni petu. Jumapili ya kwanza alisema, "Si neno." Ya pili aliniaga kwa mkono tu. Ya tatu nilirudi nikamkuta pale pale nilipomwacha, Biblia imefungwa magotini. Akaniuliza tumeimba nini. Nikamwambia. Akauliza mchungaji amesoma wapi. Nilipoanza kumweleza, akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo nilipoamua kununua king'amuzi. Runinga tulikuwa nayo, binti yetu alituletea, lakini vilima vinazuia mawimbi na antena ilitupa chengachenga tu na sauti kama ya mvua. Mimi sikusikitika. Nikiwa mzee wa kanisa nimewaonya watu mara nyingi juu ya yale yanayoonyeshwa humo. Lakini jirani aliniambia kwamba wenye dishi hupata stesheni inayorusha ibada kwa Kimeru kila Jumapili asubuhi. Kwa Kimeru! Kiswahili mke wangu anacho cha sokoni; kuomba huomba kwa lugha ya mama yake.

Nikaenda Makutano, mjini Meru. Muuzaji alinitolea ving'amuzi vya aina mbili, akaapa kwamba vyote vina ile stesheni. Kimoja kilikuwa na nyingine nyingi za injili.

"Mzee wangu, hii ni neno la Mungu asubuhi mpaka jioni."

"Na uchafu?"

"Uchafu unafunga na namba ya siri. Ni wewe peke yako utaijua."

"Basi nikiisahau, hata mimi nitakuwa salama."

Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikasimama pale dukani, nikamwomba Mungu anionyeshe cha kuchukua, na kabla hajanijibu nikachukua kile chenye injili nyingi.

Siku iliyofuata alikuja fundi, Mwislamu mmoja wa makamo kutoka mjini. Alishuka pikipiki, akatazama angani, akatazama boma, akaguna.

"Dishi ya hii dikoda inaangalia mashariki, mzee. Mashariki yako ni miraa tupu."

"Una hakika huko ni mashariki?"

"Kaskazini ndiko kibla, naijua mara tano kwa siku, mzee wangu. Mashariki haiwezi kunipotea."

Mke wangu aliyekuwa amekaa dirishani akadakia, "Ungemtuma fundi dukani, mzee wa kanisa. Huyu angalau anajua anakoelekea."

Fundi alijaribu ukutani, akajaribu juu ya paa la jikoni, akajaribu kando ya tangi. Boma letu ni jembamba, na ardhi inapanda upande ule wa miti. Kila alipoliweka dishi, runinga ilituambia hakuna mawimbi. Mwishowe alionyesha mti mmoja, ule mkubwa kuliko yote. Ukiondoka huo, alisema, ibada itaingia.

Kwetu miti ya miraa ya zamani, tunayoiita mbaine, haikatwi na mtu mmoja. Ilipandwa na wazee wa wazee wetu, na aliyeirithi anaitunza tu kwa niaba ya ukoo. Akitaka kuangusha hata mmoja, lazima awaite ndugu zake wakae, wasikizane. Mimi nililijua hilo vizuri, na bado nilitoa simu nimpigie kaka yangu. Niliona uso ule ulioelekea ukutani, nikawa tayari kuombea mti kifo.

"Simu ya nini?" mke wangu akauliza.

"Ya kaka. Tukae, tuzungumze juu ya huu mti."

"Huo mti umesomesha watoto wangu wote. Sasa uangushwe ili mimi nione kwaya? Nitaimbaje nikitazama kisiki?"

"Lakini Mama, ibada..."

"Nimesema. Mwambie fundi afunge vitu vyake. Nitangoja mguu upone."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Fundi alianza kukunja waya polepole. Kisha akaacha.

"Mzee, dukani hukuonyeshwa ile ingine?"

"Nilionyeshwa. Injili yake ilikuwa chache."

"Hiyo dishi yake inaangalia magharibi. Magharibi yako iko wazi mpaka bondeni. Mti ukae, na mama aimbe."

Nilikaa chini juu ya kigogo. Fundi alimpigia muuzaji, akaweka sauti kubwa. Muuzaji akauliza kama vifaa vimekwaruzwa. Havikuwa. Akauliza kama tumeshakisajili king'amuzi kwa jina langu. Bado. Nami nikaomba kwa macho wazi.

"Basi mzee alete. Na amwambie Mungu mimi ni mtu mzuri."

"Ameshaambiwa," nikamjibu.

Nilikirudisha, nikapewa kile kingine, na Jumamosi dishi lake lilifungwa ukutani, mgongo kwa miraa. Fundi alilisukuma kidogo tu, na picha ikatokea safi: mtu akitangaza bei ya viazi kwa Kimeru. Mke wangu alipiga makofi kama aliyesikia habari njema ya wokovu.

Jumapili niliomba ruhusa kwa mchungaji nibaki nyumbani, maana nilihofia mambo yaharibike mke wangu asijue la kufanya. Hayakuharibika. Mke wangu alikuwa amefunga kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama tangu kabla ya chai. Wimbo ulipoanza, aliingia nao kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipoanguka. Nilishindwa kutazama kioo. Nilimtazama yeye.

"Wewe," akaninong'oneza, "tazama mbele. Kwani mimi ndiye ninayehubiri?"

Nikatazama mbele, nikimshukuru Mungu kimoyomoyo.