Kuku Aliyebeba Goti Langu

Nilikuwa bado mtoto wa kaptula, huko Kisangani upande wa mto Tshopo, goti langu la kulia lilipogeuka uwanjani. Mimi ndiye niliyekuwa winga wa shule, na shule nzima ilinitegemea kwa mbio. Nilirudishwa nyumbani mgongoni mwa mwenzangu, goti limevimba kama papai.

Aliyelishughulikia ni Koko, mama yake baba. Alikuwa ametoka Bafwasende kuja kukaa kwetu, na huko alijulikana kwa kurudisha viungo. Hakuanza na mimi. Alimkamata kuku jike mweupe, akamfunga mguu wa kulia kwa vijiti na kamba ya gome, kisha akanifunga mimi vilevile. Kila asubuhi alitukanda wote wawili kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, kuku kwanza.

"Weye na hii kuku muko mutu moja sasa," aliniambia. "Siku itaruka juu ya mbao, na weye utapiga mupira. Lakini mutu asiichinje. Wakiichinja, mguu yako itabakia vile."

Niliamini. Hata leo, na uzee wangu na miwani yangu, sina hakika niliacha kuamini lini. Nilimgawia yule kuku mahindi yangu, na alipokanyaga chini kwa mara ya kwanza nikakanyaga na mimi, goti likakubali.

Baba hakupendezwa. Alikuwa karani, na enzi zile Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa mstaarabu mbele ya Wabelgiji aliomba kukaguliwa. Walikuja nyumbani kwako wakatazama vitanda, choo, hata namna watoto wanavyoshika uma. Siku ya wageni hao ilipofika, Koko alitumwa kwa jamaa tangu asubuhi, asije akaonekana. Mama alikuwa amenunua samaki. Baba akasema samaki ni chakula cha kila siku, akatoka nje, akamkuta kuku wangu anachechemea mbele ya mlango na vijiti vyake.

"Bon. Hii haiwezi kuonekana hapa," alisema.

"Papa, ile iko ya mutoto," mama alimjibu kwa sauti ya chini.

"Mutoto atapona na dawa ya hopitali."

Dawa ya hospitali hatukuwa nayo. Mama alinivutia soksi ndefu juu ya goti kuficha kamba za gome, na mezani nikakaa wima kama nilivyofundishwa. Wageni walikuwa wawili, bwana na mkewe. Yule mama wa Kizungu aliniona nimenyoosha mguu, akanionea huruma, akachukua paja kwenye sahani na kuniwekea mimi. Nililitambua. Lilikuwa jembamba kuliko lenzake, maana lilikuwa halijatumika.

"Kula, mutoto," baba alisema, huku akitabasamu kwa wageni.

Nilikula. Ningeweza kulia, ningeweza kusema naumwa tumbo, na wala sidhani angenipiga mbele yao. Lakini kuku kwetu hakuliwa ovyo, na mama alijua kupika. Lilikuwa tamu. Hilo ndilo linalonifanya niinamishe kichwa mpaka leo.

Wageni walipoondoka sikuweza kusimama. Goti lililokuwa limeanza kutii lilikataa kabisa. Koko aliporudi alizunguka nyuma ya nyumba, akaona manyoya, akaingia bila kuuliza kitu. Baba alikuwa angali na tai shingoni.

"Koko," nikamwambia, "nimekula mguu yangu."

Alimtazama mwanawe. Baba alitazama sakafu. Nilingoja aseme lile alilonionya, kwamba basi, nitabaki hivyo.

"Iko ndani yako," alisema. "Sasa haiwezi kutembea bila weye. Simama."

Nikasimama.

Kabla mvua hazijaisha nilikuwa winga tena. Baba alipata alichokitaka, na aliwasimulia rafiki zake kwamba goti lilipona lenyewe. Koko alikuwa pale pale akimenya makemba, zile ndizi za kupika, akaendelea kumenya. Mimi nilikuwepo pia, nami nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuwa mtoto wa karani.

Baadaye jirani alimleta mwanawe aliyeanguka na baiskeli. Koko aliingiza mikono yake ndani ya kitenge.

"Mupeleke hopitali," alisema. "Hii mikono imechoka."

Haikuwa imechoka. Imenichukua umri mzima kuelewa kwamba sharti lile la kuku asichinjwe lilikuwa lake, alilorithishwa na wazee wake, na alilivunja kwa kinywa chake mwenyewe ili mimi nisimame na baba yangu aweze kuinua uso. Baada ya hapo angemfunga kuku gani, na angemwambia nini mgonjwa?

Mimi nilipona. Yeye hakumkanda mtu tena mpaka alipokufa.