Glavu za Siku ya Mgeni

Mwamvita binti Mbwana alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo alichokitumikia tangu usichana wake, hakurudi nyumbani mikono mitupu. Alirudi na ujuzi wa rangi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu, na pale Mtoni kila baraza lilikuwa limegeuka duka: huyu kafungua genge, yule kaning'iniza mitumba, mwingine kachoma mihogo. Mwamvita akanunua masufuria makuukuu ya shughuli, akapanga mafiga uani, akaanza kutengeneza batiki.

Hazikupita siku nyingi, batiki zake zikajulikana. Bwana Abdulhadi, mwenye duka la vitambaa Temeke, akaja kuziona mwenyewe, akazipenda. Wakakubaliana: yeye alete vitambaa vyeupe na dawa za rangi, Mwamvita atie rangi, kisha yeye atafute soko. Kazi ilipozidi, Mwamvita akawachukua kina mama wa jirani wamsaidie. Aliyekuwa hodari kupita wote alikuwa Felicitas, mwanamke wa Songea aliyehamia Mbagala na mumewe Albano, mponda kokoto.

Felicitas ndiye aliyekuwa akikamua vitambaa kwenye rangi. Rangi ile huchanganywa na kostiki soda, na kostiki soda haina urafiki na ngozi ya mtu. Mwanzoni alikuwa akivaa mifuko ya plastiki, ya rambo, mikononi, akiifunga kwa kamba. Mifuko ikitoboka, anaendelea hivyo hivyo. Kucha zikageuka buluu, viganja vikaanza kuchanika. Mwamvita aliona. Akamwambia ajipake mafuta ya nazi, na wote wawili wakaona hilo limekwisha. Maji machafu nayo walikuwa wakiyamwaga kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba, yakiteremka hadi bondeni, kwenye matuta ya mchicha.

Siku moja Abdulhadi akaja anang'aa uso.

"Bi Mwamvita, mambo yamejipa. Kuna shirika linanunua batiki kupeleka maduka ya Ulaya. Wanaleta mtu aje atazame."

"Atazame nini? Batiki si umewapelekea?"

"Hawatazami kitambaa tu. Wateja wao wanataka kujua kimetoka wapi, nani kakishika, kama ameumizwa, kama maji yenu yanaharibu ardhi ya watu. Maswali ya huyo mtu yatakuwa mengi. Wewe jibu ndiyo."

Siku ya mgeni ilipofika, Abdulhadi alileta glavu za mpira, jozi kwa kila mama, bado zina harufu ya dukani. Uani walikuwa wamechimba kishimo cha kina cha kiuno, wakakifunika kwa bati ili kionekane ndimo maji ya rangi yanamoingia. Hakuna hata tone moja lililokuwa limeingia humo.

Mgeni mwenyewe aliitwa Demetria, dada mtaratibu mwenye kamera begani. Aliwasalimu wote kwa heshima, akauliza maswali yake, na kila swali Mwamvita alijibu ndiyo. Mnavaa glavu kila siku? Ndiyo. Maji yanaingia shimoni? Ndiyo. Demetria akawapiga picha wamesimama kwenye mstari, mikono mbele, glavu zinang'aa kwa maji.

Kisha Mwamvita akaandaa chakula, maana kwao mgeni haondoki na njaa. Pilau likaletwa kwenye sinia, na kachumbari ya ndimu na pilipili. Kina mama wakavua glavu, wakanawa, wakakaa mkekani. Felicitas akabaki amesimama kando, hajavua glavu zake.

"Dada, mbona huji kula?" Demetria akamwita.

"Nimefunga," Felicitas akajibu.

Mama mmoja akacheka. "Umefunga? Pasaka si imepita? Wewe Mkristo wa wapi?"

Felicitas akacheka naye. "Nina nadhiri yangu."

Wengine wakacheka, sinia likaendelea kuliwa. Mwamvita peke yake hakucheka. Alijua hakuna nadhiri yoyote. Alijua kuna nini ndani ya zile glavu, na ndimu ingefanya nini kwenye viganja vile. Felicitas angeweza kuvua tu, akanyoosha mikono, na uongo wote wa siku ile ungeanguka chini. Badala yake alimeza mate na kumsitiri tajiri wake. Mwamvita akajisogeza nyuma ya sinia, akasema ameshiba.

Oda ikapatikana palepale. Demetria alipoondoka, Abdulhadi akamvuta Mwamvita pembeni.

"Zikusanye hizo glavu, uzihifadhi vizuri. Watarudi tena mwakani."

Na Mwamvita akazikusanya. Alipofika kwa Felicitas, mwenzake akavuta glavu polepole, akiuma mdomo, na ngozi ikatoka nayo. Mwamvita alizipokea, akazisuuza, akazianika.

Kesho yake Felicitas hakuja. Keshokutwa yake pia hakuja. Mwamvita akanunua sukari, akajifunga khanga yake, akashika njia ya Mbagala.

Alimkuta Felicitas nje ya mlango, amekaa kwenye kigoda, mikono imefungwa vitambaa. Albano amechutama mbele yake na sahani ya ugali, anamega tonge, anachovya kwenye mchuzi, anamtia mkewe mdomoni. Walikuwa wakitaniana. Albano alilipeleka tonge karibu kisha akalirudisha, na Felicitas alikuwa akimfuata na mdomo wazi kama kinda, anacheka. Walipomwona Mwamvita, kicheko kikakatika.

"Karibu, Mama Kondo," Felicitas akasema, akimwita Mwamvita kwa jina la mwanawe kama kawaida, akijaribu kusimama.

"Kaa, kaa." Mwamvita akamzuia kwa mkono. "Kwa nini ulisema umefunga?"

"Ningesema nini? Ningevua, oda ungeikosa. Na sie wote tungeikosa."

Albano akaweka sahani chini. Alikuwa mtu mpole, na aliongea kwa upole vilevile. "Mama Kondo, kokoto nazo zinaumiza. Lakini kule hakuna anayetuvalisha glavu tupigwe picha, kisha azichukue."

Mwamvita alitamani ardhi ipasuke. Aliiweka ile sukari kizingitini, na ilivyokuwa imekaa pale, ndogo, ndani ya karatasi yake ya kaki, akaona ni kama amekuja kuwatukana. Aliomba radhi kwa maneno yaliyomtoka vipande vipande, akaondoka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Temeke, dukani kwa Abdulhadi, akamwambia anakwenda kumweleza Demetria kila kitu.

"Unataka kutuanika?" Abdulhadi akashika kichwa. "Bi Mwamvita, wale wananibana bei mpaka basi. Glavu za kila mwezi na shimo la zege nitavitoa wapi?"

"Basi na hilo tukamwambie. Twende wote."

Abdulhadi akaanza kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Hakwenda.

Mwamvita akaenda peke yake hadi ofisini kwa Demetria, Kinondoni. Alisema akiwa amekodolea macho sakafu: glavu, shimo, nadhiri, mikono ya Felicitas, maji ya bondeni. 

"Mama," Demetria akasema, "zile glavu zilikuwa na mikunjo ya dukani. Niliiona. Nikaona nisiulize. Nilitaka muipate ile oda, na nilitaka nirudi ofisini na habari njema."

Wakabaki wanatazamana, kila mmoja na soni yake.

"Mnatutaka tusiumizane," Mwamvita akasema, "na ni haki. Lakini bei mnayompa Abdulhadi hainunui hata hizo glavu. Hilo nalo andika."

Oda ikasimamishwa. Barua zikaenda Ulaya na kurudi, na zilichukua muda. Wiki hizo zilikuwa nzito. Kina mama walikaa bila kazi, na mmoja wao alimsimamisha Mwamvita dukani mbele za watu akamwambia: "Umeona haya wewe, njaa tumeiona sie." Ilikuwa kweli. Akapita na kibaba chake cha unga, kichwa chini.

Bei ikaja kuongezwa kidogo, si kama walivyotaka. Abdulhadi akanung'unika, akapunguza faida yake, akatoa saruji. Wakajenga shimo la kweli la kuchujia maji, lenye mchanga na kokoto za Albano, zilizolipiwa. Felicitas alirudi mikono ilipopona, makovu yakiwa yamebaki. Hakurudi kwenye rangi. Alitaka kazi ya kuchora kwa nta, akapewa. Pia aliomba awe yeye anayekagua glavu kabla ya moto kuwashwa, na ikitokea zimetoboka, hakuna anayewasha. Alimheshimu Mwamvita kama kawaida. Utani tu ndio haukurudi kama zamani.

Lilibaki jambo moja. Mwamvita aliteremka bondeni kwa Auleria, bibi aliyekuwa akilima mchicha pale kwa miaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata mchicha?"

"Nimekuja kuomba radhi. Yale maji ya rangi yaliyounguza matuta yako."

Auleria akanyanyuka na kopo lake la kumwagilia. "Maji ya kiwanda cha nguo yale. Tulikwenda mpaka kwa mjumbe wa nyumba kumi kukishtaki kiwanda."

Mwamvita akaelewa kwamba hakuna hata mmoja bonde zima aliyewahi kumdhania. Angeweza kununua fungu la mchicha na kurudi nyumbani, na ingeishia hapo.

"Si kiwanda, bibi. Ni mie."

Auleria akamtazama. Kisha akainama, akaendelea kumwagilia tuta lake, akamwacha Mwamvita amesimama palepale kwenye tope.