Sauti ya Mdogo Wangu Sebuleni

Siku fundi alipomaliza kufunga vile vyombo vya umeme vinavyojiendesha nyumbani kwetu Zinga, mama aliketi kwenye kiti chake sebuleni akasubiri, kanga yake mpya kichwani. Ilipofika saa saba mchana, spika iliyowekwa juu ya kabati la vyombo ikasema: "Shikamoo mama. Saa ya dawa ya presha imefika, mama yangu. Kunywa na maji mengi."

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, aliyeolewa Maskati. Aliirekodi huko huko kwenye simu yake.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitika, akafungua kopo, akameza kidonge.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na gilasi ya maji mkononi. Tangu baba afariki nikarudi kuishi na mama, kumnywesha kile kidonge ilikuwa vita. Mara kinamchoma tumbo, mara amekwisha kunywa, mara nimwache kwanza apumzike. Nilibembeleza, nikatania, nikanuna. Leo mtu aliye ng'ambo ya bahari amesema maneno mawili matatu na kazi imekwisha.

Siwezi kusema vyombo vile havikuwa na faida. Nafundisha shule ya msingi Kerege, na mchana mama hubaki peke yake na miguu yake isiyomtii. Zamani swichi ya pampu ya kisima ilikuwa nje, nyuma ya jiko. Nikisahau kuizima asubuhi, tangi linafurika, uwanja unakuwa matope, na jirani ananipigia simu katikati ya kipindi. Sasa pampu inajiwasha maji yakipungua, inajizima tangi likijaa. Taa ya ukumbini na ya msalani zinawaka zenyewe ikikaribia magharibi, kwa hiyo mama akienda kutia udhu hapapasi tena ukuta. Kuna kamera sebuleni na nyingine barazani. Mtu akibisha hodi, mdogo wangu anamwona kutoka huko aliko, anamsalimia, na akitaka anamfungulia geti kwa simu.

Wageni wakija, mama aliwaonyesha kamera kwa kidole.

"Mwanangu huyo. Yuko mbali, lakini ndiye anayeniangalia."

Nami wakati huo niko jikoni, nakuna nazi ya samaki wake.

Jumamosi moja, siku ambayo siendi shule, niliamua kuiwahi ile spika. Nikampelekea mama kidonge na maji kabla ya wakati. Akakitazama kidonge, akanitazama na mimi.

"Saa bado," akasema. "Mwenyewe hajasema."

Mwenyewe! Nilirudisha gilasi jikoni, nikaosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Baadaye binti wa shangazi yetu akawa anaolewa Kiwangwa. Nilimwomba jirani aje alale na mama na kumpikia, nikaenda harusini. Watu walicheza, mimi nikawa natazama simu. Nilitaka ilie. Nilitaka jirani aniambie mama amesusa kula, au anauliza nitarudi lini, au maji hakuna. Haikulia. Nilirudi Jumapili na mananasi kwenye kikapu, nikakuta tangi limejaa, dawa zimenywewa, na mama anacheka na mdogo wangu, aliyepiga simu kupitia spika, hadi machozi yanamtoka.

"Kha, umesharudi?" akaniuliza. "Mbona hukukaa na wenzio?"

Mdogo wangu aliposema, "Dada, shikamoo, habari za harusi?" nilijifanya nashughulika kumenya nanasi.

Kisha yeye mwenyewe akaja likizo. Alikuja na udi, halua na mabegi makubwa, na asubuhi ya kwanza akaniambia, "Dada, wewe pumzika. Mama niachie mimi." Nikakaa pembeni, roho ikiniuma, nikingoja kuona.

Saa saba akaizima spika, akampelekea mama kidonge kwa mkono wake.

"Hiki kinanichoma tumbo," mama akasema.

"Mama, si unakunywa kila siku?"

"Nimeshakunywa asubuhi. Niache kwanza nipumzike."

Mdogo wangu akanigeukia, mdomo wazi. Nilicheka. Nilicheka kwa furaha niliyokuwa sijaionja kwa muda mrefu, na sikujaribu kuificha. Kwenye kuoga ikawa vile vile. Mama alimwambia, "Wewe mgeni, mwanangu, hujui nilivyozoea. Mwite dada yako."

Alasiri nikamsuka mama barazani kama kawaida yetu, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda, mafuta ya nazi kwenye kibakuli. Alisinzia, kichwa kikaegemea goti langu. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye nguzo.

"Dada, mimi nawaona hivi kila siku," akasema polepole ili asimwamshe.

"Kwenye kamera?"

"Hii ya barazani. Nyumba yangu kule ina kila kitu, watoto wako shule, mume yuko dukani. Nafungua simu nawaona. Siku nyingine naizima."

"Kwa nini uizime?"

"Naona wivu, dada. Mama hajanilalia mimi hivyo tangu niolewe."

Nilitaka kumwambia ya kwangu yote, ya kidonge, ya wageni, ya simu isiyolia Kiwangwa. Nikasema tu, "Na mimi nakuonea wivu wewe. Hujui tu." Akakaa chini kwenye sakafu kando yangu. Nikampa kitana na upande mmoja wa kichwa cha mama.

Hakuwa amesuka mistari miwili mama akafumbua macho. "Mkono gani huu mzito? Mpe dada yako." Mdogo wangu alirudisha kitana. Sikucheka safari hii.

Kabla hajaondoka, alinishauri nirekodi mimi sauti ya dawa. Nikarekodi kwa upole wote nilionao. Kesho yake mama aliisikia, akaitazama spika kwa hasira. "Huyu naye kaanza!" akasema, na kidonge hakunywa mpaka tulipoirudisha sauti ya mdogo wangu. Tulicheka sote wawili, ingawa kicheko changu kilikuwa kifupi.

Sasa amerudi Maskati. Tunapigiana simu, mimi na yeye, bila mama, jambo ambalo zamani hatukuwa nalo. Lakini wivu upo. Ijumaa iliyopita mama alimwombea dua ndefu mbele ya wageni, akamtaja yeye, mumewe na watoto wake mmoja mmoja. Alipomaliza kusema amina akanigeukia mimi, akaniambia nilete chai.

Nikaileta.