Kabureta Niliyoisingizia

Pikipiki niliyonunua hapa Bariadi ilikuwa imetumika, tena imefungwa kabureta isiyo yake. Ilipoanza kutoa moshi mweusi, nilisoma mtandaoni kwamba mafuta yanaizidi hewa. Nikakaza skrubu, nikabadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, nikakosa raha wiki nzima. Moshi ukabaki uleule.

Jumatatu nilimpakia bosi wangu, ambaye bado ananipima kama nafaa kuajiriwa kuwa afisa kilimo, tukaenda Mwandoya kuzungumza na wakulima wa pamba. Pikipiki ikazimika mbele yao. Nikaanza kueleza udhaifu wa kabureta za aina ile, kwa sauti ya mhadhara.

“Afisa, na hiki kinachoning'inia chini ya kiti?” aliuliza mama mmoja, akakivuta.

Ilikuwa bukta yangu kuukuu. Niliichomeka mwenyewe kwenye mdomo wa kuingizia hewa siku ya kwanza, nikihofia vumbi, kisha nikaisahau kabisa.

“Ya nani hii?” bosi akauliza.

“Labda ya aliyeniuzia,” nikasema.

Akaichukua kwa yule mama, akaigeuza. Kwenye mpira wa kiunoni, kwa wino wa tangu enzi za bweni, akasoma jina langu lote kwa sauti.