Kapera Mwenye Wake Wawili

Ukileta gari kwa mume wangu Djibril, hapa Buyenzi, atakwambia litakuwa tayari kesho asubuhi. Atakwambia hivyo hata kama gari lenyewe halina injini. Kwake yeye, kumwambia mtu "apana" ni sawa na kumtemea mate usoni. Kwa hiyo anasema ndiyo. Anasema ndiyo kwa mwenye teksi, kwa imamu anayetaka bomba la msikiti litazamwe, kwa mtoto wa jirani mwenye baiskeli iliyopinda. Halafu anaingia chini ya gari na kubaki huko mpaka wanaomngoja wachoke. Mtaani watu wanaijua miguu yake kuliko uso wake.

Mimi nilimpendea hilo hilo. Msichana gani hapendi mwanamume anayekubali kila kitu? Nilimwambia tukae karibu na mama yangu, akasema ndiyo. Nilimwambia asiniletee mke wa pili, akasema ndiyo, tena akaapa. Zaidi ya miaka ishirini ikapita, tukazaa watoto watano, kisha Ghada akamwambia, nioe. Akasema ndiyo pia.

Ghada ni wa ukoo wa Waomani wa zamani wa mji huu. Ana duka la vitambaa Rohero, alilorithi kwa babu yake, na nyumba Kinanira, kule mlimani ambako hata vumbi hupanda kwa kuomba ruhusa. Mume wake wa kwanza alifariki. Gari likaharibika. Fundi alikuwa Djibril. Nyinyi wenyewe malizieni.

Habari niliipata kwa mteja wa sambusa zangu. Alinunua tatu, akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akaongeza ya nne, akaondoka haraka.

Nililia, nikamaliza. Nikajiambia, kama ni zamu tutagawana zamu, wengine wameishi hivyo. Kilichoniamsha ni Khaled, muuza vipuri. Asubuhi moja nilitoka na beseni la unga nikamkuta katikati ya uwanja wangu, anatembea hatua ndefu kama korongo, midomo inahesabu.

"Khaled, umepoteza nini?"

"Apana kitu, Mama Hamimu. Natazama tu."

"Unatazama kwa miguu?"

Akacheka, akasema niongee na bwana yangu. Nilipoongea na bwana yangu nikasikia kwamba amemkubalia Khaled kumuuzia kiwanja. Alitaka kuuza? Hakutaka. Khaled aliomba, basi. Kiwanja kimeandikwa kwa jina la Djibril peke yake. Vyumba vya nyuma vilijengwa kwa sambusa zangu, tofali baada ya tofali, lakini sambusa haiandikwi kwenye karatasi za ardhi.

Nikaenda kwa mkuu wa mtaa. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama nina cheti cha ndoa cha komine, ile ofisi ya serikali. Nikamwambia nina nikahi, nina mashahidi, nina watoto watano.

"Mama, mbele ya Mungu we ni muke wake kamili," akasema. "Mbele ya komine we ni mupangaji asiyelipa. Akiuza, utalalamika wapi?"

Wakati huo huo yeye mwenyewe alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wanaoishi bila ndoa ya serikali wakajiandikishe. Na serikali inaandika mke mmoja tu. Wanaume wenye wake wawili walianza kutembea wakitazama chini, kama watu waliodondosha ufunguo.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Djibril twende komine.

"Ndiyo, Mama Hamimu. Kesho asubuhi."

Kesho asubuhi nilimvuta kwa miguu kutoka chini ya gari, nikampeleka na mafuta yake mikononi. Karani wa etasivili, ofisi inayoandika ndoa na vizazi, kijana mpole anayeitwa Bonfils, akachukua picha zetu na karatasi zetu za kuzaliwa. Kisha akasema kila mmoja anahitaji karatasi ya kuonyesha kwamba hajafunga ndoa.

Djibril akanitazama. Mimi nikautazama ukuta.

"Nauliza mbele ya serikali, papa," Bonfils akasema. "Hujaoa bado, si ndiyo?"

"Ndiyo," akajibu Djibril, na uso ukamng'aa kwa kupata swali analoliweza.

Muhuri ukagongwa. Kapera! Ndevu zina mvi, watoto watano, mke mlimani na mke bondeni, kapera. Na mimi nikapewa yangu, kwamba ni msichana ambaye hajawahi kuolewa. Nilijisikia nimerudishiwa ujana wangu, ila meno mawili ya pembeni yaliyong'oka hawakunirudishia.

Bonfils akatueleza kwamba tangazo la ndoa litabandikwa kwenye ubao wa nje, ili mwenye kipingamizi ajitokeze kabla ya siku yenyewe. Shule sikuingia, kusoma sijui, lakini nilikuwa napita pale nikitoka sokoni, naitazama karatasi yangu kama mama anayemtazama mtoto aliyelala. Siku moja nikakuta watu wamejaa mbele ya ubao. Wanacheka. Waliponiona wakafunika midomo, na hiyo haikunifurahisha. Nikamwita Bonfils dirishani.

"Mwanangu, yangu ni ipi?"

Akatoka, akaonyesha. "Hii hapa. Djibril, fundi, kapera, na Mwanasiti, muuza sambusa."

"Na hii ya pembeni wanayoichekea?"

Bonfils akakuna shingo.

"Isome."

"Djibril, fundi, kapera..."

"Hiyo umeshasoma."

"Apana, mama. Hii ni ingine. Djibril, fundi, kapera, na Ghada, mfanyabiashara."

Umati ukashindwa kuvumilia. "Kapera huyu ana bidii!" akasema mwanamume mmoja. Mwanamke mmoja muuza ndizi akajisogeza mbele akimwuliza Bonfils kama gundi imebaki, naye alete karatasi yake.

Bwana yangu alikuwa amefanya hivi. Ghada naye alisikia habari ya kujiandikisha, naye akamwambia twende. Akasema ndiyo, akaenda naye kwenye komine ya kule juu, akiwa na karatasi yake ile ile ya ukapera. Alidhani ofisi mbili zilizo mbali hazisalimiani. Hakujua kwamba tangazo linatumwa pia mahali bwana alikoandikishwa. La Ghada likashuka mlima ndani ya bahasha, na Bonfils akalibandika ubavuni mwa langu.

"Na we hukuona ni mutu mumoja?" nikamuuliza.

"Mi nabandika tu, mama. Nikianza kusoma sitamaliza kazi."

Nilikwenda moja kwa moja gereji. Miguu ilikuwa mahali pake. Nikakaa juu ya tairi karibu nayo.

"Djibril."

"Ndiyo."

"Nimetoka komine."

Miguu ikaacha kutikisika.

"Ubaoni kuna karatasi mbili. Unamuoa nani? Mimi ao Ghada?"

"Ndiyo," ikajibu miguu.

Haikupita wiki, afisa wa etasivili akatuita wote watatu. Alikuwa mama mwenye sauti ndogo, mtu anayekulazimisha uiname ili umsikie. Ghada alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, ananukia udi. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mwangu na pembe. Kumbe ni mwanamke wa rika langu, na viatu vilikuwa vinambana, kwa sababu alikuwa amevitoa nusu.

"Assalaam aleikum, dada," akasema.

Nikaitikia. Kuitikia salamu ni faradhi. Kutabasamu si faradhi, kwa hiyo sikutabasamu.

Afisa akaweka karatasi mbili mezani. "Bwana Djibril, serikali ina nafasi moja. Ni ya nani?"

Djibril akatazama dari. "Mama afisa, wote ni watu wazuri."

"Sikuuliza hivyo. Moja naifuta leo. Sema ipi."

Jasho likamtoka. Nilimwona akitafuta gari la kuingia chini yake, na ndani ya ofisi hakukuwa na gari. Mwisho akanigeukia mimi, kwa sauti laini anayowapa wateja waliongoja mwezi mzima.

"Mama Hamimu, we ni muke wangu kwa Mungu. Kwa Mungu ni kukubwa kuliko komine, we unajua. Mwachie mwenzako komine."

Nimesema hajui kumkatalia mtu. Nisahihishe hapo. Siku hiyo alijua, na aliyemkatalia ni mimi. Mtu aliyemkubalia kila mpita njia, apana yake ya kwanza alinitunzia mimi niliyemfulia ovaroli miaka yote ile. Nilichukua mkoba wangu. Nilikuwa nasimama niondoke, na nyumba ingeondoka pamoja nami, wakati Ghada alipokohoa.

"Mama afisa, nikiweka saini hapa, duka langu litakuwaje?"

"Mtakuwa bwana na bibi. Mambo ya mali ya nyumba mtayaangalia wote wawili."

"Na yeye akimwambia mutu ndiyo juu ya duka?"

Afisa akamtazama Djibril. "Hapo mtakuwa na mazungumzo marefu."

"Tayari tunayo," akasema Ghada. "Nilimwachia duka nusu siku, nikakuta limepakwa rangi ya waridi. Fundi wa rangi alipita akamuuliza kama apake."

"Aliomba kwa heshima," akasema Djibril.

Ghada akarudisha miguu yake ndani ya viatu. "Djibril, mi nakupenda, wallahi. Lakini lile duka ni jasho la babu yangu. Mama afisa, futa yangu."

Wote wakanitazama. Mngefikiri nilifurahi. Sikufurahi hata kidogo. Nikasema kwa uchungu:

"Kwa hiyo mi niokote alichokiweka chini?"

Ghada akageuka, akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Dada, usiokote bwana. Okota nyumba. Hata kule dukani Khaled amekwisha kuja kununua pazia za madirisha yako."

Pazia! Nilijikuta nacheka, na sikutaka kucheka. Nikamuuliza afisa swali moja tu. Nikiwa bibi wa komine, je, Djibril anaweza kuuza nyumba tunayoishi bila mimi?

"Hapana. Itabidi nawe uweke mkono wako."

"Basi niandike."

Siku ya ndoa nilivaa kitenge cha harusi ya mpwa wangu. Tulisimama mbele ya bendera. Afisa akamuuliza Djibril kama ananikubali, naye akasema ndiyo kabla swali halijaisha. Kisha akaniuliza mimi.

Siku ya nikahi yetu nilikuwa nyuma ya pazia, na mjomba ndiye aliyeongea. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza mbele ya macho ya watu. Nikanyamaza. Nikakaa nimenyamaza. Djibril akafuta paji la uso. Mashahidi wakatazamana. Nilitaka aonje kidogo kungoja kulivyo, jambo ambalo wateja wake wote wanalijua.

"Mama?" akasema afisa.

"Ndiyo. Nyumba naikubali."

"Ninauliza kuhusu bwana, mama."

"Na yeye pia, kwa kuwa yumo ndani."

Hata afisa alicheka. Wakanichovya kidole gumba kwenye wino, nikakibonyeza kwenye kitabu chao. Djibril akaweka saini yenye mikia mingi.

Baadaye nilirudi kwa Bonfils kuomba nakala za cheti. Nilichukua mbili. Moja iko chini ya godoro langu. Ya pili aliiomba Ghada, akamtuma dereva wake kuichukua. Kaka zake walikuwa hawamwachii usingizi, wakiogopa bwana atalichukua duka, akawawekea cheti changu mezani: tazameni, ameoa mtu mwingine. Sijui kama kuna mwanamke mwingine mjini hapa anayelala salama kwa sababu mumewe amemuoa mwenzake. Alinitumia kanga mbili na salamu. Kanga nilizipokea. Rafiki yangu hajawa, lakini zile pembe nimemtoa.

Khaled alikuja siku ya Jumamosi na karatasi zake za mauzo. Djibril alikuwa uwanjani ananawa mikono. Khaled akamuuliza kama bado wako pamoja kwenye mpango wao.

"Ndiyo," akasema Djibril.

Akaweka saini hapo hapo, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Khaled akanijia jikoni, mchangamfu.

"Mama Hamimu, imebaki kidole chako tu."

Nilikuwa nakunja sambusa. "Kidole gani?"

"Gumba."

Nikakiinua nikakitazama. Kilikuwa na unga mpaka kwenye kucha. "Hiki kiko kazini, Khaled."

"Na kikimaliza kazi?"

"Hakitamaliza. Hiki ndicho kinachofunga sambusa. Kikishika karatasi yako, watu watakula nini?"

Akamgeukia Djibril amsaidie. Djibril akaonekana kufikiri sana juu ya sabuni. Khaled akakunja karatasi zake mara nne, akaniomba sambusa sita za kupeleka nyumbani. Nilimfungia za moto.

Alipotoka, Djibril akaja mlangoni mwa jiko. Macho yake yalikuwa na shukrani, kama mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni. Sasa nikaelewa kwa nini alikuwa ameweka saini. Alikuwa anangoja mtu mwingine aseme apana.

"Asante, Mama Hamimu."

"Usinishukuru. Si kwa ajili yako."

"Ndiyo," akasema.

Akabadilisha shati, akajipaka mafuta, kwa kuwa ilikuwa zamu ya Kinanira. Nilimsikia akitafuta viatu vyake kibarazani. Sikumwambia viko wapi. Alipovipata akatoka, nami nikaifuta mikono, nikaenda kufunga geti langu.