Mbomoaji wa Chuno na Mchwa Wake

"Tangu Nabii Nuhu ashuke safinani hajatokea mwanaume wa kuususia ugali wangu miaka mia!" Mastura alipiga kelele mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri.

Miaka mia yenyewe ilikuwa siku ishirini na sita.

"Sijasusa, Mama Saida. Nimefunga," akajibu mumewe Ayubu, amekaa juu ya rundo la milango ya watu waliokwisha kufa.

"Ramadhani imekwisha. Sita za Shawwal umemaliza. Hii sasa unamfungia nani?"

"Ini."

"Basi ini likulipe thawabu!"

Ayubu kazi yake ni kubomoa. Mtu wa Chuno akitaka kujenga nyumba ya matofali, anamwita aiangushe ya udongo. Ujira wake nusu pesa, nusu ni vile vitakavyobaki: miti, mabati, bawaba, hata misumari, anayoinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Huyu hajapata kutupa msumari. Watu wanasema hata kanzu ya harusi yake ilikuwa ya mtu aliyeghairi kuoa. Wanasema kwa kumtania, lakini Mastura anajua ni kweli, maana ndiye aliyeifua.

Mwaka juzi kaka yake Ayubu, Athumani, alijaa tumbo likawa kama ngoma, macho yakageuka manjano. Watu wakasema katupiwa kitu. Wakati wanamtafuta aliyemtupia, Athumani akazikwa. Hospitali ikasema ndugu wote wapimwe, na damu ya Ayubu ikakutwa na kirusi kile kile cha homa ya ini. Ya Mastura ilikuwa safi, akachomwa chanjo zake tatu. Ayubu akapewa vidonge: kimoja kila siku, na asiruke hata siku moja. Akavimeza mwaka mzima, akilalamika lakini akimeza.

Halafu ikaja simu. Daktari mmoja wa humo ndani ya simu, ana ndevu nzuri na sauti ya kuuza magodoro, akasema mtu akikaa na njaa, seli za mwili wake zinabomoa vikuukuu vyao zenyewe, zinavimeng'enya, zinajengea vipya. Na vijidudu vilivyomo humo vinabomolewa pamoja na takataka. Ayubu aliisikiliza video ile mara tisa. Ilikuwa kama anasifiwa yeye.

"Umeona, Mama Saida? Kumbe mwili mzima ni mbomoaji!"

Tokea siku hiyo vidonge vikakaa dirishani, kwenye kikombe kisicho na mkono.

Sasa suruali anaifunga kwa kamba, mapaja yameisha. Tumbo ndilo limeanza kutangulia mbele. Mastura aliliona juzi, mumewe alipovua shati kutawadha. Alilijua tumbo lile. Alilikanda kwa maji ya moto miezi miwili, lilipokuwa la Athumani. Aliona akilitaja atakuwa amelikaribisha kiti.

Jana alikwenda peke yake kwa Raheli, nesi wa kliniki ya ini. Raheli hakucheka.

"Huyo wa kwenye simu hajadanganya yote," alisema. "Seli zinajibomoa kweli, na virusi wengine wanamalizikia humo humo. Lakini huyu wa ini mjanja, mama. Kazi ile ile ya kubomoa, yeye anaidandia azaliane. Na dawa ukiikata ghafla, anaamka na hasira. Mlete kesho. Kesho, siyo wiki ijayo."

Ndiyo maana asubuhi hii kukawa na uji, na kisahani chenye kidonge. Ayubu akavisogeza pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayemsogeza paka. Hapo ndipo Nabii Nuhu alipoingizwa.

Mastura aliacha kupiga kelele. Akachuchumaa mbele yake.

"Ayubu," akamwita. Jina hilo tupu hakuwa amelitamka tangu Saida azaliwe. "Chumba cha mwanao ulikijengea miti gani?"

"Unayaleta ya nini hayo?"

"Nijibu."

"Ya Nanyamba."

"Ilikuwa mibovu?"

"Mizima! Niliigonga mmoja mmoja kwa mkono huu."

"Na masika yalipokwisha?"

Chuno nzima inajua. Alibomoa nyumba ya zamani kule Nanyamba, akachagua miti, akaileta, akamjengea binti yake chumba. Kumbe mchwa wamo ndani ya miti, wamesafiri bure. Wakala chumba, wakahamia nyumba kubwa, wakala mpaka kabati. Asubuhi moja ukuta ukalala chini kama mbuzi, na Saida bahati yake alikuwa bombani. Watoto wa mtaa wakampa Ayubu jina: Baba Mchwa.

"Hukuwaua wale," Mastura akasema polepole. "Uliwahamisha. Ukabomoa, wakapanda humo humo kwenye kazi yako. Nesi anasema na huyu wa ini ndivyo anavyofanya. Wewe unashinda njaa umbomolee, mwenzio anajenga."

Ayubu akatoa msumari mfukoni, akaugeuzageuza. Akalitazama tumbo lake, kisha kidonge. Mastura akaona kwamba ameelewa, na hilo likamtisha kuliko ule ubishi.

"Raheli anatusubiri mpaka saa sita," akasema. "Tunakwenda, Baba Saida?"

Ayubu aliinuka ameshika ukuta. Akauokota mtaimbo wake, akauweka begani. Ukamvuta upande, akasimama kwanza mpaka dunia ikatulia.

"Tunakwenda, hatuendi?" Mastura akauliza tena.

Ayubu akatoka uani, akaiacha njia ya kulia ya kliniki, akashika ya kushoto, kwenye nyumba inayongoja kubomolewa. Kidonge kikabaki kisahanini, na uji umeanza kufanya ngozi.